Chenga Kwenye Uso wa Sista

Mama aliipokea picha kwa mikono miwili, akajikongoja na fimbo yake mpaka mlangoni ambako mwanga wa ziwa ulikuwa unaingia, akaiinua, akaishusha, akaisogeza karibu na pua, kisha akaniuliza, "Wangu ni yupi?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonichoma namna ile. Mama yangu hakuwa kipofu, wala hakukaribia kuwa. Nyonga ndiyo iliyomfunga nyumbani, si macho. Aliweza kukaa pale pale mlangoni kwake Mbamba Bay na kukwambia mtumbwi unaorudi kule mbali ni wa nani, na kama wamepata usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, au wanarudi mikono mitupu, wakati sisi wengine bado tunauliza mtumbwi gani. Sasa alikuwa ameshika picha ya binti yake wa mwisho, siku aliyoweka nadhiri zake za kwanza za usista, picha iliyopigwa na mimi binti yake wa kwanza, tena mpiga picha kwa kazi, na hakumwona.

Walikuwa wasichana watano wamesimama mbele ya altare, wote wamevaa nguo nyeupe na mashela meupe. Nyuso zao zilikuwa zimejaa chenga, yale madoadoa kama ya televisheni iliyokosa mawimbi: nyekundu kidogo, kijani kidogo, na zambarau ambayo sijui ilitoka wapi. Chini ya chenga zenyewe picha ilikuwa imetikisika, kila msichana ana pua mbili na mdomo uliovutwa upande.

"Na alama yake mbona siioni?" mama akauliza tena.

Mdogo wangu ana kovu kidevuni, dogo kama punje ya mchele, limelala chini ya mdomo. Alilipata alipokuwa anajifunza kutembea, akaanguka kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa mchangani, na mama ndiye aliyembeba mbio mpaka zahanati huku damu inamchirizika kifuani. Kovu lile mama alilijua kuliko alivyojijua mwenyewe. Alilitafuta kwenye nyuso zote tano, kidole chake kikipita taratibu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mwishowe akaamua kubahatisha.

"Huyu?"

"Hapana mama. Huyo ni mwenzake, wa kijiji cha Kingerikiti."

Akaiangalia picha kwa muda, halafu akacheka, kicheko chake kile cha kunirahisishia mambo. "Basi na wa Kingerikiti naye ni mtoto wangu," akasema, akaniagiza niitundike ukutani, na nikaitundika. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Nilipanda gari la kurudi Mbinga na hasira ambayo haikuisha hata tulipomaliza kona zote za mlima.

Hasira ile ilikuwa na mtu wa kuipokea nyumbani, kwa sababu kamera iliyopiga picha ile aliichagua mume wangu.

Mimi ni mtu wa ziwani niliyeolewa milimani. Mume wangu ni Mmatengo, mkulima wa kahawa, baba yake mkulima wa kahawa na babu yake vilevile, na jambo lolote duniani yeye hulipima kwa kahawa. Nilipoamua kuachana na kamera ya mikanda na kuingia kwenye dijitali, tulikwenda pamoja Kitai, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiteremsha vitu vyake kwenye basi na kuvipanga juu ya turubai. Miaka ile soko lilikuwa limefunguka na kila kitu kilikuwa kinaingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapandisha magari mpaka milangoni kwetu, na nyuma yao zikaja redio, simu, pasi za umeme kwa watu wasiokuwa na umeme, na kamera. Kila kamera pale juu ya turubai ilikuwa na namba usoni, namba ya megapikseli, yaani wingi wa nukta zinazounda picha, na mume wangu akazipanga kutoka ndogo kwenda kubwa kama mtu aliyeko mbele ya chekeche.

Kwetu punje za kahawa hupangwa kwa ukubwa. Ile inayobaki juu ya chekeche lenye matundu makubwa huitwa AA, na AA ndiyo hutangulia sokoni. Basi yeye akaishika ile yenye namba kubwa kuliko zote, kijikamera chembamba cha kung'aa kinachoenea kwenye kiganja, akasema, "Mama watoto, hii ndiyo AA. Hizo nyingine ni machicha." Nami, niliyekuwa nikijiona mtaalamu, nikakubali. Mchana, juani, kilipiga picha nzuri kabisa. Watoto wa komunio ya kwanza nje ya kanisa walitoka wazuri hata wazazi wao wakawashangaa.

Lakini ndani ya kanisa la masista mambo yalikuwa mengine. Kanisa lile lina madirisha membamba yenye vioo vya rangi, na padre aliyeongoza misa ya nadhiri za kwanza hakutaka flashi. Nilipowasha mara ya kwanza alisimama katikati ya mahubiri na kusema kwa upole wa kutisha, "Yule mama mwenye radi, tafadhali azime." Kanisa zima likageuka. Nikazima, na kilichobaki ni giza, kijikamera changu na mikono yangu inayotetemeka kwa aibu. Ukitaka kubadilisha chochote kwenye kamera ile ilibidi uingie kwenye menyu, ubonyeze kitufe kidogo kama kichwa cha kiberiti, uteremke, upande, uthibitishe, na kila ukibonyeza inalia pii. Nilipomaliza pii zangu, wasichana walikuwa wameshasimama na nadhiri wameshaweka.

Baada ya siku ile ya mama na picha nilianza kuichunguza kamera yangu kama mtu anayemchunguza mwizi aliyemfuga mwenyewe. Nilipiga harusi baada ya harusi, ukumbi baada ya ukumbi, na kila usiku nikazikuza picha kwenye kompyuta ya studio, chumba changu kimoja chenye pazia la bluu. Nikagundua kwamba penye mwanga mdogo kamera hujiongezea ukali wa kuhisi, ile namba wanayoiita ISO, na namba hiyo ikipanda, chenga nazo zinapanda. Halafu nikagundua jambo lililonikera zaidi. Chenga hazianzii popote tu, zinaanzia kwenye giza la picha, na giza la picha kwenye harusi zetu ni nyuso zetu wenyewe! Gauni la bibi harusi linatoka safi, keki inatoka safi, mwenye gauni anatoka na surua. Tena kamera ikiona nyeupe nyingi inaogopa, inapunguza mwanga, na sura ya mtu mweusi aliyevaa shela jeupe inazidi kuzama. Nilikasirika kwa ajili ya watu wetu wote waliolipia picha za magauni.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu, miaka kadhaa baadaye, kuniambia kwamba wamekubaliwa kuweka nadhiri za daima, wote watano, nilijua ninachotaka kabla hajakata simu. Nadhiri za kwanza hurudiwa kila mwaka, lakini za daima ni mara moja. Hakuna nyingine. Nilishuka ziwani kumpa mama habari. Nyonga ilikuwa imezidi, hata kufika jikoni alisindikizwa, na ile barabara ya kona na makorongo hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Alifurahi, kisha akaiangalia picha ukutani.

"Sitafika," akasema. "Wewe utafika. Ila safari hii, mwanangu, niletee wangu. Si wa Kingerikiti."

"Nitakuletea, mama."

Nilimwahidi hivyo hivyo, bila kuwa na kamera ya kutimizia ahadi hiyo.

Kahawa ya mwaka ule ilikuwa nzuri na mume wangu hakunibania. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kwamba naye aje Songea kuchagua. Nikamwambia aje, lakini AA yake aiache nyumbani. Ndani ya basi hakunisemesha mpaka tulipopita Kitai, akaangalia pale palipokuwa na turubai, akasema, "Sawa. Pale nilikosea." Ukimjua mume wangu utajua kwamba hayo yalikuwa maneno mengi.

Duka lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa makamo, mgeni wa kutoka mkoa mwingine, mwenye ulimi wa asali. Aliniita dada, akamwita mume wangu shemeji, akatuwekea viti. Juu ya kaunta akapanga kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndogo na ya kisasa, lenzi yake inatoka kama shingo ya kobe na kuvuta vitu vya mbali. "Hii dada ina kizuia mtikisiko," akasema. "Hata ukiwa kwenye gari linalokimbia, picha imetulia. Hata ukiwa na homa!" Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye magurudumu mawili ya kuzungusha, moja la kidole gumba na jingine la kidole cha shahada, na lenzi yake nayo ilikuwa na kizuia mtikisiko ndani. Ya tatu ilikuwa kubwa vilevile, lakini ilishatumika, imechubuka pembeni, na namba ya megapikseli iliyoandikwa juu yake ilikuwa ndogo kuliko ya kijikamera chetu cha zamani. Mume wangu aliiona namba ile, akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

Kwenye boksi la ile ya kwanza kulikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu amekaa bustanini kwenye jua. Nikamwambia mwenye duka, "Kaka, kwenye jua hata mimi nikikodoa macho napiga picha. Naomba ufunge mlango."

"Nifunge mlango?"

"Ufunge, na uzime taa. Nataka giza la kanisa."

Alimtazama mume wangu kama anayemwomba msaada. Mume wangu akainua mabega. Basi akashusha geti nusu, akazima taa, na watu wa nje wakaanza kuinama kuchungulia kinachoendelea humo ndani. Nikatoa kwenye mkoba kitambaa cheupe nilichokuja nacho, nikamwomba aruhusu nimfunike kichwani. Hapo ulimi wa asali ukakauka kidogo, lakini mteja ni mteja. Akakaa pale nyuma ya kaunta amejifunika kama sista, ana sharubu.

Nikaanza na ile ndogo. Nilipiga akiwa ametulia, nikapiga tena nikimwomba aigize kuvisha pete, yaani apitishe mkono huu polepole kwenye kidole cha mkono ule. Nikakuza kwenye kioo cha nyuma. Ile ya kwanza haikutikisika kabisa. Kizuia mtikisiko ni cha kweli, simsingizii. Lakini kwenye ile ya pete, rafu zilizokuwa nyuma yake zilitulia, boksi la betri lilisomeka, na mikono yake mwenyewe ilikuwa mvuke. Nikamwonyesha. "Kinanizuia mimi nisitikisike. Yeye hakimzuii." Na usoni, pale chini ya kitambaa, chenga zilikuwa zimejaa. Alikuwa na chunusi moja kubwa karibu na pua, nilishaiona tangu tulipoingia, na nilikuwa nimeifanya kipimo changu. Kwenye picha ile haikuwapo.

"Dada, hiyo ni nzuri basi, imenisafisha," akasema.

"Mimi nataka chunusi," nikamjibu, na mume wangu akacheka mpaka akashika kaunta.

Ile ya pili ilikuwa bora zaidi. Magurudumu yake yalinifurahisha, na mkono ulitulia. Lakini lenzi yake ilikuwa na tundu dogo, inabana mwanga, kwa hiyo ili ione gizani ilibidi nipandishe ISO mpaka juu, na chenga zikarudi, si nyingi kama za kwanza, ila zilikuwepo. Chunusi ilionekana kama wazo. Ukipunguza ISO unalazimika kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu zaidi, na mtu akisogea anakuwa mvuke tena. Kovu la mdogo wangu ni dogo kuliko chunusi ile.

Ile ya tatu mwenye duka hakuwa na hamu nayo. "Hiyo haina kizuia chochote," akasema. Nikamwuliza kama ana lenzi nyingine ya kuiweka. Akapekua, akatoa lenzi moja fupi, nyeusi, isiyovuta wala kusukuma, lakini ukiichungulia ndani tundu lake lilikuwa wazi kama mdomo wa chungu. Nikaifunga. Uzito wake ulinikaa mkononi vizuri. Gurudumu moja chini ya kidole gumba, jingine chini ya shahada, na kitufe pembeni cha kuiambia kamera isiogope nyeupe, iongeze mwanga usoni. Vyote nilivifikia bila kuondoa jicho. Haikulia pii hata mara moja. Nikapiga pete. Nikakuza.

Chunusi ilikuwepo. Ilikuwa na kivuli chake kabisa, na sharubu zilihesabika, na vidole vya yule bwana vilisimama vikivisha pete isiyokuwepo.

Mume wangu aliomba kamera zote tatu, akakuza picha ya kwanza, akakuza ya tatu, akaangalia kwa muda mrefu kama anavyoangalia majani ya mbuni yenye ugonjwa. "Nimeelewa," akasema. "Ile yenye namba kubwa imepanda mibuni mingi kwenye kishamba kidogo. Imebanana, kila mmoja unapata jua kidogo, punje zinatoka hovyo. Hii imeachanisha." Nilitaka kumbusu pale pale dukani, mbele ya sista mwenye sharubu. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kwenye kijikamera chetu hakizidi ukucha wa kidole kidogo, na walikuwa wamekipandia shamba zima.

Ubaya wa kamera ile nilikuwa naujua na sikujidanganya. Haikuwa na kizuia mtikisiko, na tundu likiwa wazi namna ile ukikosea kulenga kidogo tu, pua inaonekana na masikio yanapotea. Kila nilichopata kwenye chenga nilipaswa kukilipa kwa mikono yangu. Lakini mimi nimekulia kwenye mtumbwi. Ninajua kusimama juu ya kitu kinachocheza huku mwenyewe sichezi: magoti yanalegea, viwiko vinabana mbavu, pumzi inatoka taratibu. "Kizuia mtikisiko ni mimi," nikamwambia mwenye duka, na akawasha taa.

Zilibaki wiki chache. Nilifanya mazoezi kwenye chumba chetu cha kuwekea kahawa, ambacho giza lake ni la kanisa hasa. Katika nadhiri za daima masista hulala kifudifudi sakafuni wakati litania ya watakatifu inaimbwa, na nilitaka kujua nitasimama wapi. Mume wangu akajitolea. Akalala kifudifudi juu ya mkeka, nikamfunika shuka jeupe, nikapanda juu ya kigoda. Kwa kuwa alikuwa ametoka kupalilia, alisinzia. Jirani yetu alikuja kuomba chumvi, akachungulia mlangoni, akaona mwenye nyumba amelala chini ya shuka jeupe na mkewe amesimama juu yake anapiga picha. Kilio alichokiangusha kilisikika mpaka bondeni. Watu walifika na majembe mikononi, wengine wameshaanza kulia, na marehemu akaamka kuuliza nani amekufa.

Siku yenyewe ilifika na mvua. Ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha ya kanisa, na ndani taa zikawa zinasitasita. Sijawahi kuona giza la mchana kama lile. Kulikuwa na bwana mmoja wa video aliyekuja na taa kubwa ya mkononi, akaiwasha wakati wa maandamano, na kabla ya somo la kwanza alikuwa ameshatolewa nje na taa yake. Nilimwona akinipita, anaiangalia kamera yangu isiyo na flashi, ananihurumia. Nami nilimhurumia yeye.

Watano wakaingia. Nilimwona mdogo wangu, wa pili kutoka kushoto, mwembamba, uso umetulia. Nilizungusha gurudumu la gumba, nikafungua tundu mpaka mwisho. Nikazungusha la shahada. Nikaiambia kamera isiogope mashela, ikawapa nyuso mwanga wao. Jicho langu halikutoka kwenye kitundu cha kutazamia hata kidogo, na vidole vilikuwa vinafanya kazi vyenyewe, kama vya mwanamke anayesuka ukili huku anaongea.

Wakalala kifudifudi. Litania ikaanza. Hapo nikagundua jambo ambalo mazoezi hayakunifundisha. Kamera kubwa ina sauti, kila ukibonyeza inasema klap, na kwenye kanisa lililonyamaza sauti ile ni kofi. Sikutaka kuitwa mama mwenye radi mara ya pili. Mwimbishaji akataja mtakatifu wa kwanza, na kanisa zima likajibu, "Utuombee." Nikabonyeza ndani ya neno lile. Klap yangu ikamezwa. Akataja wa pili, tukajibu, nikabonyeza. Nikawa naimba nao. Na ndipo nikahisi kwamba kila tulipofika mwisho wa "utuombee," pumzi yangu ilikuwa imekwisha, mabega yameshuka, mikono imetulia kabisa, kifua hakina kitu. Kanisa zima lilikuwa linanishikia kamera. Nilisali litania yote kwa kidole, na sidhani kama kuna mtakatifu aliyekasirika.

Waliposimama kuvishwa pete nilikuwa nimeshaizoea pumzi ile ya kubonyezea. Mama mkuu wao alimshika mdogo wangu mkono, pete ikaingia, na yeye akainua uso kidogo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, namna anavyotabasamu tangu utotoni. Kwaya ikapasuka, ngoma, kayamba, vigelegele vya mashangazi. Nilibonyeza ndani ya vigelegele. Sikuangalia kioo cha nyuma. Nilijua, jinsi mtu anavyojua ameshika samaki kabla hajamwona.

Nilimalizia na picha ya watano palepale mbele ya altare, mahali pale pale pa miaka ile. Nikawapanga vilevile. Nikaisafisha picha Songea kwa ukubwa uliozidi wa ile ya kwanza, nikaifunga kwa kitenge, na mume wangu akasema safari hii na yeye anashuka ziwani, maana kazi ya marehemu lazima ionekane mwisho wake.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yako kwenye kitenge. Hakusubiri maji wala habari za safari. Aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza penye mwanga wa ziwa, akaiinua.

Safari hii kidole hakikutembea. Kilikwenda moja kwa moja kwa wa pili kutoka kushoto, kikatua kidevuni, na ukucha ukagusa chini ya mdomo.

"Huyu hapa wangu," akasema. "Na alama yake ya mtumbwi hii hapa."

Halafu akalia, na mimi nikalia, na mume wangu akatoka nje kuangalia ziwa ambalo halikuwa na kitu cha kuangaliwa. Mama alijifuta kwa upande wa khanga, akairudia picha, akaikagua kama mtu aliyerudishiwa haki yake na anataka kuona hakuna kilichopungua. Kidole kikasogea kwa msichana wa pembeni.

"Na huyu ni yule wa Kingerikiti," akasema. "Amenenepa."

Aliniagiza niitundike chini ya ile ya zamani, siyo badala yake, kwa sababu yule wa Kingerikiti alishakuwa mtu wa nyumbani. Jioni ile kila aliyepita na beseni la usipa aliitwa ndani. Mama hakumwambia mtu binti yake ni yupi. Alimwelekeza ukutani, kwenye picha ya chini, akamwambia amtafute mwenyewe.

Wote walimpata.